Lori la zamani umeme unakuja na kupotea? Usikimbilie kununua kifaa, anza na waya

Hii ni kwa wenye malori ya zamani, Fuso, Isuzu, Scania za enzi zile, yale ambayo pampu ya dizeli bado ni ya kimekanika na hamna kompyuta ya kuchomeka mashine ikakwambia kinachouma ni nini. Huku Nyanda za Juu Kusini yamejaa, yanabeba viazi vya Isyonje na Njombe, mbao za Mafinga, mchele wa Usangu, ndizi za Tukuyu, na karibu kila mwenye lori la aina hiyo kilio chake ni kilekile: taa zinazima zenyewe alafu zinarudi, stata leo inapiga kesho imenyamaza, lori linazimika kwenye tuta ukikaa dakika tano linawaka kama halikuwa lenyewe. Ukilifikisha gereji linakaa kimya limetulia, fundi anawasha mara kumi linawaka mara kumi, ukitoka nalo tu barabarani linaanza vituko vyake.

Mi niko kwenye umeme wa magari hapa Mbeya na nikwambie wazi, tatizo la kuja na kupotea mara nyingi sana sio kifaa kilichokufa. Kifaa kikifa kimekufa, hakifufuki kikipoa wala hakisubiri tuta. Kinachokuja na kupotea ni mahali waya unagusa na kuachia: erthi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha lori) yenye kutu, soketi iliyoingia maji, fyuzi iliyolegea kwenye kiti chake, swichi ya funguo iliyochoka, waya uliokatikia ndani ya ganda. Vifaa vinavyosumbua vikipata moto vipo, nitavisema, lakini ndo wachache. Kwa hiyo hela ya alteneta (ile inayochaji betri) na stata iache mfukoni kwanza.

Kabla ya spana, mhoji dereva

Yani mkalishe kabisa. Na utingo wake pia, maana utingo ndo anayeona taa za nyuma na ndo anayetumwa kutikisa waya wa betri. Usiulize "tatizo ni nini", atakwambia "umeme". Muulize lilizima wakati gani, lilikuwa limepata moto au ndo kwanza limewashwa, kulikuwa na mvua, lilikuwa na mzigo au tupu, alikuwa anakata kona upande gani, alikuwa amekanyaga breki, taa kubwa zilikuwa zinawaka, na swali ambalo watu wengi wanalisahau: NINI KINGINE kilizima wakati huohuo. Vitu viwili vikizima pamoja kuna mahali wanachangia, inaweza kuwa fyuzi, erthi, soketi au waya mama, na we unatafuta hapo tu, huna haja ya kuzunguka lori zima.

Mfano dereva anasema lilizimika ghafla. Muulize taa za dashibodi zilikuwaje. Kama dashibodi yote iligeuka giza, umeme mkuu ulikatika, nenda betri, vichwa vya betri, waya mkubwa unaokuja kabini, fyuzi kubwa na swichi ya funguo. Ila kama injini ilizima lakini taa ya chaji na ya oili ziliwaka nyekundu, basi swichi ya funguo ilikuwa bado inatoa umeme kule kwenye dashibodi, kilichokosa ni injini yenyewe, yani dizeli au umeme wa selenoidi ya kuzimia (kifaa cha umeme kinachofungulia na kukata dizeli). Jibu moja hilo la dereva limeshakupunguzia nusu ya kazi na hujafungua hata boneti.

Mpe dereva daftari aandike kila likitokea. Wapi, saa ngapi, nini kiliwashwa. Baada ya safari chache unaanza kuona mtindo. Likisumbua linapopanda mlima wa Kitonga na mzigo injini imechemka, likipoa linarudi, shuku vitu vyenye koili na vitu vilivyochomelewa kwa risasi ndani, yani selenoidi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), regulata ya alteneta, sababu moto unatanua chuma na ufa mdogo unaachia. Likisumbua kwenye ukungu na mvua za Rungwe, ni maji, tafuta soketi za taa za nyuma, plagi ya trela, sanduku la fyuzi kama lipo sehemu inayovuja. Likisumbua kwenye matuta na makorongo, ni kitu kilicholegea au waya unaosuguana. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba Makambako au Makete ambako kuna baridi la kukata, hapo anza na betri na waya zake kubwa, betri ikiwa baridi nguvu yake inapungua na oili ya injini nayo imekuwa nzito, kwa hiyo mguso mbovu uliokuwa unavumilika mchana unakataa alfajiri.

Na kama vituko vilianza tu baada ya kabini kuinuliwa, au baada ya mtu kuchomelea chesesi, au kufunga redio, usitafute mbali, rudi kwenye kilichoguswa.

Vifaa vyako

Hauhitaji vingi. Mita ya digitali ya kawaida ya kupimia umeme, taa ya majaribio, msasa na brashi ya waya, tochi, spana za kawaida, fyuzi za ukubwa sahihi na kipande cha waya mrefu mita sita hivi cha kufika kutoka betri mpaka nyuma. Taa ya majaribio jitengenezee mwenyewe, chukua balbu ya indiketa ya volti 24 wati 21, ichomee waya mbili zenye klipu mwisho. Isiwe LED. Nasisitiza balbu ya kawaida ya wati 21 kwa sababu inakula umeme, karibu ampia 0.9, na hapo ndo mita inapowadanganya vijana wengi.

Iko hivi. Waya ukikatika ndani ncha zikabaki zinagusana kwa shida kupitia kutu, ukiweka mita itasoma 24 kamili, maana mita yenyewe haili umeme wowote wa maana. Unasema waya mzima, unaenda kununua kifaa. Ila ukifunga balbu ya wati 21 mwisho wa ule waya, inawaka hafifu au haiwaki kabisa na volti zinaporomoka palepale. Kwa hiyo kila unapopima, pima kitu kikiwa kimewashwa kinafanya kazi, au ukiwa umeweka balbu yako iwe mzigo. Volti za waya uliokaa bure hazina maana kwenye kazi hii.

Usalama kidogo, sitarefusha. Vua pete na saa, betri mbili za lori zikipata njia kupitia pete yako zinaiunguza na kidole chake. Ukifungua betri anza na negetivu, ukirudisha negetivu iwe ya mwisho. Usiwashe kiberiti ulipochungulia maji ya betri, ile gesi inalipuka. Kabini ikiinuliwa weka kizuizi chake, usimwamini mtu kushikilia. Gia iwe huru na tairi ziwe na magogo kabla hujagusa stata.

Betri kwanza, hata kama una uhakika ni nzima

Lori la volti 24 lina betri mbili za 12 zilizofuatana, pozitivu ya moja imeungwa na negetivu ya nyingine. Zikiwa zimepumzika usiku mzima na zimejaa, kila moja inasoma kama 12.6 hadi 12.7, pamoja 25.2 hadi 25.4. Ukipata 24.4 zimefika nusu, ukipata 24.0 zimeishiwa ingawa wengi wakiona 24 kwenye mita wanasema "si ndo 24 yenyewe". Wakati stata inazungusha zisishuke chini ya 19 hivi.

Pima KILA betri peke yake, sio zote pamoja tu. Moja ikisoma 12.7 na nyingine 12.1, kuna kitu. Na huku kwetu hicho kitu mara nyingi ni redio. Mtu kanunua redio ya gari dogo, ya volti 12, pamoja na chaja ya simu na taa za urembo, akachukua umeme kwenye betri moja tu. Ile betri inanyonywa kila siku, alteneta inachaji zote mbili kama kitu kimoja haijui kuna mmoja ana njaa, matokeo yake inayonyonywa haijai na mwenzake anajazwa kupita kiasi mpaka maji yanakauka. Baada ya muda asubuhi stata inazungusha kwa uvivu, mchana iko sawa, na wote mnalaumu stata. Weka kipunguza umeme cha kutoka 24 kwenda 12, kichukue kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Na betri zikibadilishwa zibadilishwe mbili, aina moja, umri mmoja. Najua hela, lakini mpya na kuukuu kwenye kamba moja zinauana.

Vichwa vya betri usiviangalie kwa macho, vifungue. Kwa nje kinaweza kung'aa na kwa ndani kuna utando mweusi au wa kijivu unaozuia umeme. Piga msasa ndani ya klempu (kile kibano cha waya) na kwenye nguzo yenyewe, funga, alafu paka grisi juu, sio kabla. Ukiweza kuzungusha klempu kwa mkono imelegea. Ukikuta mtu ameweka kipande cha bati au msumari ili ibane, toa huo uchafu ununue klempu nyingine. Na ule waya mfupi unaounganisha betri na betri nao usiuruke, mi nauona unasahaulika kuliko zote.

Erthi, hapa kaa muda mrefu

Kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kuangalia kwenye lori la zamani ningechagua erthi. Umeme unakuja kwa waya mwekundu ukiwa umevalishwa vizuri una fyuzi, unarudi kwa chesesi yenye kutu, tope na rangi ya miaka. Kuna waya mkubwa kutoka negetivu ya betri kwenda chesesi, kuna mwingine kutoka injini kwenda chesesi (huo ukikatika stata inatafuta njia ya kurudi kupitia kebo ya kanyagio la mafuta, gia na mabomba, utaona kebo imepata moto au inatoa moshi), na kuna wa kutoka kabini kwenda chesesi, maana kabini imekalia raba. Alafu taa za nyuma zina erthi yao ndogo, bolti moja ya namba 10 iliyozikwa kwenye tope.

Dalili ya erthi mbovu ni vitu kufanya mambo yasiyo yao. Simama nyuma ya lori jioni, mwambie utingo awashe taa ndogo, alafu akanyage breki. Kama taa ndogo inafifia badala ya breki kuwaka kwa nguvu, au indiketa inaanza kuwaka hafifu wakati hajaigusa, hiyo hapo. Umeme wa breki umeshuka kwenye balbu, umekuta njia ya kurudi imefungwa, umeamua kupita kwenye nyuzi za balbu jirani kwenda kutafuta erthi ya upande wa pili. Madereva wanabadilisha balbu, wanabadilisha flasha ya indiketa, wanabadilisha swichi ya breki, na trafiki anaendelea kuwaandikia. Fungua ile bolti, sugua mpaka chuma cheupe kionekane pande zote, kwenye chesesi na kwenye jicho la waya, funga na woshea ya meno, paka grisi.

Sasa kupima kwa uhakika. Washa taa unayoishuku. Mita weka volti za DC, ncha nyeusi iguse nguzo ya negetivu ya betri YENYEWE, sio klempu, kwa huo waya wako mrefu, ncha nyekundu iguse erthi ya ile taa. Ingetakiwa isome karibu na sifuri, 0.1, 0.2 sawa. Ikisoma volti 1 au 3 basi hizo volti zinapotelea njiani wakati wa kurudi. Sogeza ncha nyekundu taratibu kuelekea betri, kwenye bolti, kwenye chesesi, kwenye waya mkubwa, mahali namba inaposhuka ghafla kati ya hatua mbili ndo penye ubovu. Kwa stata fanya hivyohivyo, ncha nyekundu kwenye bloku ya injini mtu akizungusha stata, ikizidi nusu volti waya wa erthi wa injini una shida. Upande wa pozitivu ni mchezo huohuo, kutoka nguzo ya pozitivu mpaka kwenye kifaa, kikiwa kimewashwa.

Kwa kuthibitisha haraka, chukua waya mnene, bana upande mmoja negetivu ya betri, mwingine kwenye erthi ya kifaa kinachosumbua. Kikipona palepale, umepata.

Kutikisa waya kwa akili

Kutikisa ovyo hakusaidii, unaweza ukakirudisha kilicholegea bila kujua kilikuwa kipi alafu kesho kikalegea tena. Weka kwanza kitu kitakachokupa taarifa. Balbu yako ya majaribio ifunge mwisho wa laini unayoishuku, iweke unapoiona, alafu anza upande wa betri ukienda nao taratibu, kila soketi ivute, ibane, ipinde, kila kona ya waya ikunje kidogo. Balbu ikipepesa, simama. Rudia palepale mpaka uwe na uhakika. Mita nyingi zina sehemu ya kutoa mlio waya ukiwa mzima, nayo inafaa, ila umeme uwe umekatwa.

Sehemu za kuanzia: pale waya zinapotoka chesesi kuingia kabini, pale zinapopita kwenye matundu ya chuma yaliyopoteza raba zake, karibu na bomba la moshi, chini ya dashibodi kwenye swichi ya funguo, na popote utakapoona tepu nyeusi. Tepu nyeusi ni saini ya fundi aliyepita. Ifungue kila moja. Nusu ya hizo ndani yake waya zimesokotwa kwa mkono tu na shaba imeshakuwa kijani.

Kuna lori moja la viazi lililetwa Uyole, hapa hapa Mbeya, likiwa limeshazunguka kwa watu. Lilikuwa linazimika kwenye matuta, sio yote, linarudi lenyewe au baada ya dakika. Lilishabadilishiwa selenoidi ya kuzimia dizeli, ile ya aina inayohitaji umeme muda wote injini ikiunguruma, likabadilishiwa swichi ya funguo, na mafundi waliokuwa wanaliinua kabini kuangalia wanakuta kila kitu kizima. Dereva alikuwa anasema taa ya chaji inawaka likizimika, kwa hiyo dashibodi haikuwa giza. Tukawasha injini kabini ikiwa imeshushwa, nikalala chini nikawa naupinda ule mkungu wa waya unaopita kwenye bawaba ya kabini. Likazima. Nikauachia, dereva akawasha, nikaupinda, likazima. Tukatoa tepu na mpira, waya zote kwa macho nzima, ganda halina hata mkwaruzo. Nikaanza kuvuta mmoja mmoja kwa vidole viwili huku na huku, wa selenoidi nikiuvuta ganda linarefuka na kuwa jembamba pale katikati, maana yake ndani hamna shaba inayozuia, ni plastiki tupu. Nikalipasua kwa wembe, nyuzi zimekatika zote, ncha zimekuwa nyeusi, zimekaa zinatazamana. Kabini ikishuka ule waya unakunjika ncha zinagusana kwa shida, tuta likipiga zinaachana. Kabini ikiinuliwa mkungu unabadilisha mkao, ncha zinagusana vizuri. Ndo maana kila fundi aliyeinua kabini alilikuta lori zima! Kwa hiyo tatizo la tuta litafute kabini ikiwa chini, kwenye mkao uleule wa barabarani, na ule mtihani wa kuvuta waya kwa vidole ufanye kila mahali waya unapojikunja, kwenye bawaba ya kabini na kwenye mlango.

Fyuzi inayoungua siku ikijisikia

Hili ndo linalowafanya watu waweke msumari, karatasi ya sigara, waya wa umeme wa nyumba. Usifanye hivyo, waya zako za zamani zinageuka kuwa fyuzi na zinaungulia ndani ya dashibodi. Badala ya kumaliza boksi la fyuzi fanya hivi: toa fyuzi iliyoungua, mahali pake funga balbu ya taa kubwa ya volti 24, wati 70. Balbu hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya ampia 3 hivi, kwa hiyo hata waya ukigusa chesesi hamna kinachoungua, balbu inawaka tu kwa nguvu zote. Chomoa balbu na vifaa vya laini hiyo ukiweza, swichi yake iache imewashwa ili umeme ufike mpaka mwisho wa waya. Sasa balbu yako ikiwaka kali kuna mahali pozitivu inagusa chuma. Kama haiwaki, anza kutikisa, piga mateke fremu, inua na shusha kabini, kanyaga klachi, zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Ikiwaka ghafla rudia lile ulilofanya mwisho. Ukipata sehemu, chomoa soketi moja baada ya nyingine, ukichomoa ikazima ujue ubovu uko mbele ya hiyo soketi.

Malori ya mbao haya ya Mafinga angalia hasa waya za taa za nyuma zinazopita juu ya chesesi, magogo na minyororo inazichuna. Tafuta alama ndogo nyeusi ya kuungua kwenye chuma, saizi ya punje ya mchele tu, hapo ndo waya unapogusa.

Chaji na stata, haraka

Injini ikiwa inazunguka juu kidogo ya mlio wa kawaida, kwenye betri usome kati ya 27.5 na 28.8. Leo 28 kesho 25 tena bila mpangilio, angalia kwanza mkanda, alafu waya mnene wa nyuma ya alteneta na ile soketi ndogo, ndo baadaye brashi za ndani (vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme), zikiisha zinagusa na kuachia kufuata mtikisiko. Angalia pia balbu ya taa ya chaji kwenye dashibodi. Kwenye alteneta nyingi za zamani umeme wa kuiamsha alteneta unapita kwenye hiyo balbu, ikiungua alteneta haiamki mpaka ukanyage sana mafuta, siku nyingine haiamki kabisa. Ukiwasha funguo na ile taa haiwaki usifurahi.

Ukiwa hapohapo geuza mita kwenye AC (kama ya kupima umeme wa nyumbani) upime betri injini ikizunguka. Ikizidi nusu volti shuku dayodi (vile vya ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), na dayodi mbovu ndo hiyohiyo inayonyonya betri usiku.

Stata inayopiga "tik" tu au inayonyamaza: mtu ashikilie funguo kwenye kuwasha, we pima waya mdogo kwenye selenoidi ya stata. Umeme umefika wa kutosha, karibu sawa na wa betri, na waya mnene nao uko sawa, stata inyamaze, hapo ni stata yenyewe. Umefika pungufu, volti kadhaa zimepotea, rudi kwenye rilei na swichi ya funguo. Usiigonge kwa nyundo ukaona imepona, umeisogeza tu mpaka mwisho wa wiki.

Betri zinazokufa zikilala, siku moja ndiyo siku nyingine hapana: toa klempu ya negetivu, weka mita ya ampia kati ya klempu na nguzo, kila kitu kikiwa kimezimwa na usijaribu kuwasha lori mita ikiwa hapo. Lori la zamani lisilo na kompyuta lingetakiwa kula karibu na sifuri, ikizidi milliampia 50 toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Zote zimetoka namba iko palepale, fungua waya mnene wa alteneta.

Ukishapata, tengeneza kweli

Usisokote na tepu. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, kama kijani imeingia ndani endelea kukata. Waya mpya uwe na unene uleule au zaidi, bana kwa kiungio cha chuma na koleo lake, funika na mpira ule unaosinyaa kwa moto, na uufunge kwenye fremu kwa vibano kila baada ya kama sentimita 30 ili usicheze. Kwenye bawaba ya kabini acha urefu wa ziada. Chuma chochote unapopita waya weka raba. Na mchomeleaji akija kugusa chesesi, fungua betri na waya za alteneta kwanza, na erthi yake aibane jirani kabisa na anapochomelea.

Likikataa kabisa kutokea gereji

Usilazimishe. Chukua ile balbu yako, au ndogo ya wati 5 kama waya ni mwembamba, vuta waya mrefu kutoka kwenye laini unayoishuku mpaka ndani ya kabini, weka fyuzi ya ampia 3 mwanzoni mwa huo waya, balbu ifunge juu ya dashibodi dereva anapoiona bila kutoa macho barabarani. Erthi ya balbu ichukue moja kwa moja kwenye negetivu ya betri, usiichukue kwenye kabini, usije ukapima ubovu kwa ubovu. Ukiwa na laini mbili unazozishuku weka balbu mbili, moja ipake rangi. Mpeleke dereva kwenye njia ileile inayolisumbua, Uyole kwenda Igawilo au popote palipoandikwa kwenye daftari, na mzigo kama huwa linasumbua na mzigo.

Lori likizimika na balbu ikazima nayo, kifaa hakijapata umeme, ubovu uko nyuma yake kuelekea kwenye fyuzi, swichi na betri, sogeza waya wako hatua moja nyuma urudi tena njiani. Lori likizimika na balbu inaendelea kuwaka vizuri, umeme umefika. Hapo pima erthi ya hicho kifaa, ikiwa safi ndo uende dukani ukanunue kingine.